Binti Yangu Aliyelifukia Shimo la Karatasi

Kitinda mimba wangu hasahau, na hilo amelirithi kwangu. Leo ni mkuu wa idara chuoni, na watu wanamsifu kwa kuwa masomo yao hayatumii karatasi tena. Wanadhani alianza kwa kupenda miti. Miti anaipenda, sikatai, lakini mimi niliyemzaa nakijua chanzo.

Alipokuwa mwanafunzi wa chuo hichohicho, alichapa utafiti wake pande zote mbili za karatasi. Aliona ni israfu kuacha mgongo wa karatasi mtupu. Mwalimu wake, ambaye wanafunzi walimwita Bwana Pambizo kwa jinsi alivyopima pambizo kwa rula kabla hajasoma neno moja, aliifunua kazi ile mbele ya darasa akacheka. Akauliza kama kwao ni maskini kiasi cha kuishiwa hata karatasi za kufungia sabuni. Kisha akaitupa kwenye shimo la moto nyuma ya madarasa, ambamo chuo kilichomea mitihani ya zamani. Mwanangu akarudia mwaka. Siku ile alirudi nyumbani nywele zinanuka moshi. Hakulia. Alikula, akaosha sahani, akaniambia, "Mama, yule nitamtafutia siku yake."

Nikamwambia asiwe na haraka, kisasi si maziwa kwamba kitachacha.

Akasoma, akarudi palepale kufundisha, akawa anamwamkia Bwana Pambizo shikamoo kila asubuhi kama mtoto mwema. Alipopewa idara, aliwatoa wakubwa wa chuo ofisini akawasimamisha ukingoni mwa shimo. Akawaonyesha mti uliokauka upande mmoja kwa joto la moto, majivu yaliyotua kwenye nguo zilizoanikwa bwenini, na mfereji ambao mvua ikinyesha ulibeba masizi na mabaki ya wino hadi kisimani. Akawauliza ina maana gani kukata mti ili mtu asome ukurasa mara moja, kisha uchomwe. Hakusema uongo hata chembe. Ndiyo raha ya kisasi kilichovaa haki, hakuna wa kukivua nguo.

Wakakubali. Masomo, kazi za wanafunzi na alama vikahamia kwenye mtandao wa chuo. Shimo likafukiwa, majani yakaota, na stoo ya karatasi ikawa chumba cha kusomea. Wasichana wa bwenini wakapumzika kukohoa.

Bwana Pambizo akakaidi. Muhula wake wa mwisho kabla ya kustaafu, alileta alama za darasa lake kwenye karatasi. Mwanangu akazisukuma zirudi upande wake wa meza. Asingeziingiza mtandaoni kwa mkono wake mwenyewe, angeondoka kwa aibu, darasa lake likihesabiwa halikufundishwa.

Hapo ndipo Bwana Pambizo aliponikumbuka mimi, mama wa mkuu wake. Alikuja nyumbani amevaa koti lake, akaniita mama ingawa tunalingana umri. Nikampa kiti na maji, maana adui naye akibisha hodi ni mgeni.

"Mama, zungumza na mwanao," akasema. "Nilimkosea."

"Hilo umemwambia yeye, au umeniletea mimi nikupelekee?"

Akamaliza maji. Nikamwambia kuna mafunzo ya kompyuta kwa wanafunzi wapya, na mkuu wa idara ndiye anayefundisha. Aende akakae.

Akaenda. Alikaa safu ya mbele kati ya watoto wa umri wa wajukuu zake, wakimwambia, "Babu, siyo hapo, bonyeza pale." Mwanangu alifundisha taratibu na kwa adabu, na kila alipokosea mzee, alimwomba aanze upya, wote wakingoja. Mwishowe aliziingiza alama zake kwa kidole kimoja, jasho likimtoka, zikapokelewa.

Nilimuuliza mwanangu kama moyo umetua.

"Bado kidogo, mama. Mimi hajaniomba radhi."

Sherehe ya kumuaga Bwana Pambizo ilikuwa Ijumaa, na hotuba, mbele ya chuo kizima, ilikuwa ya mkuu wa idara. Nilimpigia mwanangu gauni pasi mimi mwenyewe.