Swali la Siri la Baba Wairimu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mapema kuliko bawabu. Nilitoka Ngoingwa kwa miguu, viatu mkononi ili visishike vumbi, nikavivaa nje ya geti. Kiwanda kilikuwa cha kusindika matunda, pale Thika, na mimi nilikuwa nimeajiriwa masjala, chumba kinachowekwa mafaili ya wafanyakazi wote. Karani Mkuu alikuwa mzee mkavu wa sweta ya kijivu hata jua likiwaka. Hakunisalimia. Alinipeleka moja kwa moja kwa kabati akanionyesha kadi nyekundu.

"Hii inaitwa kadi ya nje. Faili ikitoka, kadi inaingia mahali pake. Unaandika nani ameichukua na saa ngapi. Lakini kabla ya kuandika, unafanya nini?"

Nikasema namuuliza jina.

"Jina hata mwizi atakupatia! Unamwangalia uso. Inua macho, msichana. Mtu akisimama mbele yako, inua macho."

Nilimwona mzee wa kusumbua. Nilikaa chini yake miaka kumi na moja, na kila wiki alinirudia na hayo maneno ya macho mpaka nikawa siyasikii tena.

Kompyuta zikaja. Makarani wenzangu walizikimbia kama ugonjwa, mimi nikazikimbilia, si kwa akili nyingi, ni kwa udadisi tu. Nikahamishiwa chumba cha juu chini ya Mkuu wa Kompyuta, mama mmoja mcheshi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Huyo ndiye aliyenifundisha kuandika programu. Jumamosi nilisoma darasani mjini, Jumatatu ananipima. Nikikosea alicheka kwanza, halafu ananirudisha mwanzo. "Mama Kamau," alikuwa akiniambia, "mashine itafanya ulichoiambia, haitafanya ulichotaka. Hayo ni mambo mawili." Kiwanda kilipopunguza watu, nilikuwa tayari najua kazi mbili, na nikapata nafasi Ruiru, kwa kiwanda cha kushona nguo. Huko ndiko nilikomalizia.

Sasa nyinyi mnaotengeneza apu leo kwa wiki moja mtanicheka, lakini wacha niwaeleze ile yangu. Meneja wa Wafanyakazi aliniita akaniambia amechoka na foleni. Kila mtu alikuwa anakuja ofisini kwake kuomba likizo, kubadilisha namba ya simu, kubadilishana zamu na mwenzake. Alitaka mfumo ambao mfanyakazi ataingia mwenyewe kwa simu yake na kujipanga.

"Nataka mtu asinione tena," akasema.

"Hiyo itawafurahisha wengi," nikamjibu. Alicheka. Alikuwa mtu mzuri, tusimwonee.

Nilianza na kuingia, yaani mfumo umjue mtu ni nani. Kila mmoja alikuwa na namba yake ya kazi na nenosiri lake. Nenosiri hatuliweki vile lilivyo. Tunalisaga. Mahindi ukishayasaga hakuna anayeweza kuurudisha unga uwe mahindi. Mtu akija kesho tunasaga alichoandika, tunalinganisha unga na unga. Hata mimi niliyeujenga mfumo sikuweza kuona nenosiri la mtu. Akishaingia anapewa kibali cha muda kinachokaa ndani ya simu, asiulizwe tena kila anapogeuka, na akinyamaza nusu saa kibali kinakufa. Halafu kuna profaili, ukurasa wake mwenyewe: picha, simu, mahali anapoishi, zamu yake. Hapo alikuwa na uhuru wa kubadilisha.

Nililala usingizi mzuri juu ya hiyo kazi.

Shida ya watu wengi ni kusahau. Mtu akitoka likizo ya Krismasi hakumbuki chochote. Nikaweka swali la siri: ukisahau nenosiri, mfumo unakuuliza jambo unalolijua wewe tu, ukijibu unatengeneza nenosiri jipya. Masomo niliyosomea yalikuwa ya kutoka ng'ambo, na mle swali lilikuwa la jina la mama. Nikalichukua hivyo hivyo. "Mama yako anaitwa nani?" Siku ya kuuzindua nilisimama mbele ya wafanyakazi wote kantini nikawaambia kwa sauti: "Mfumo haudanganyi." Wakapiga makofi. Nilikuwa na kiburi, niseme tu.

Miaka ikaenda bila neno. Zilikuwa zimebaki wiki saba nistaafu wakati Baba Wairimu alipoingia ofisini kwangu na barua mkononi.

Huyu alikuwa mshonaji wa kola, mtu wa Gitothua, mpole, wa zamu ya mchana tangu nimjue. Barua ilikuwa ya kumfuta kazi. Ilisema amekosa zamu ya usiku mara tatu mfululizo bila kutoa habari.

"Mama Kamau, mimi si wa usiku. Jumatatu nimekuja asubuhi, askari wa geti ananiambia sipo kwa orodha. Nikadhani kitambaa kimeisha, wametupunguza kidogo kama kawaida. Jumanne hivyo hivyo. Jana wananipatia hii."

Nikafungua kumbukumbu za mfumo, pale ambapo kila hatua ya mtu inajiandika. Kila kitu kilikuwa wazi. Jumamosi saa kumi mtu alisema amesahau nenosiri. Akajibu swali la siri, sawa, kwa mara ya kwanza. Akaweka nenosiri jipya. Akaingia kwa profaili akabadilisha namba ya simu. Halafu akakubali kubadilishana zamu na mwenzake wa usiku, anayeshonea mashine ile ile. Huyo mwenzake alikuwa ameshaulizwa, na alisema walikubaliana kwa mdomo.

"Sikukubaliana na mtu. Mke wangu ni wa usiku hospitalini. Nikienda usiku, watoto nitamwachia nani?"

"Nani mwingine anajua jina la mama yako?"

"Hakuna. Mama alifariki zamani, tukiwa bado nyumbani. Hapa Ruiru hakuna aliyewahi kumwona."

"Basi ni wewe ulijibu. Mfumo haudanganyi, Baba Wairimu."

Nilisema hivyo macho yangu yakiwa kwenye skrini. Akakunja barua, akasema asante. Asante! Nikasikia viatu vyake vikienda mpaka mwisho wa koridoo, nikarudi kwa kazi yangu.

Wiki hiyo hiyo mke wa mwanangu Kamau alijifungua. Walikuwa wamejenga Murera, nami nikaenda Jumapili na sufuria ya njahi, yale maharagwe yetu meusi, maana mzazi hapewi chai peke yake. Mtoto alikuwa msichana, wa kwanza, na bila shaka walikuwa wamempa jina langu, Wambui. Ndiyo desturi yetu Wakikuyu: msichana wa kwanza anaitwa jina la mama ya baba yake. Mimi nilijaliwa wavulana watupu, kwa hivyo nyumbani kwangu hiyo furaha haikuwa imefika. Nilimpakata yule mtoto nikalia, sioni haya kusema.

Nikasikia jirani anapiga hodi getini.

"Baba Wambui! Baba Wambui, uko?"

Kamau akaitika. Wakaanza kuongea mambo ya bomba la maji, na mimi nikabaki hapo na mtoto, nikilirudia lile jina. Baba Wambui. Huyo jirani hajawahi kuniona. Hanijui kwa jina wala kwa sura. Lakini amesimama nje ya geti akitaja jina la mama ya Kamau, na hata hajui kama amelitaja.

Baba Wairimu.

"Ngai!" nikasema, mpaka mzazi akashtuka. "Haiya, mimi nimefanya nini?"

Kiwanda kizima kilikuwa kikimwita hivyo. Getini, kantini, juu ya kelele za mashine. Jibu la swali lake la siri lilikuwa likipigiwa kelele mchana kutwa, na mimi mwenyewe nilimwita hivyo nikimwambia kwamba hakuna mwingine anayelijua. Wenzetu waliotoka Magharibi mwa Kenya hawakubanwa sana, wala Waislamu wetu, maana wao wana njia zao za kutoa majina. Lakini sisi! Sisi tulikuwa tumeacha mlango wazi, na aliyeuacha wazi alikuwa Mkikuyu, tena mwanamke aliyeitwa jina la nyanya yake.

Jumatatu nilienda kwa Meneja wa Wafanyakazi kabla hajavua koti. Nilimweleza yote. Alinisikiliza, akafunga mlango.

"Mama Kamau, umebakisha wiki sita. Tumeshaanza kupanga sherehe yako. Wacha tubadilishe hilo swali polepole, mtu asijue, tusonge mbele."

"Na Baba Wairimu?"

"Huyo barua imeshatoka. Tukisema mfumo ulikosea, kila mtu aliyewahi kufutwa atarudi hapa kusema si yeye. Utanirudishia foleni yangu." Halafu akaongeza kwa upole, na hii ndiyo iliniuma: "Jina lako ndilo litachafuka. Si langu."

Alisema kweli. Nilitoka pale nikazunguka uwanja mara mbili. Nilikuwa nimefanya kazi maisha yangu yote ili watu waseme yule mama hakosei. Nilijiambia labda Baba Wairimu atapata kazi kwingine, mshonaji mzuri hakosi mahali. Nilijiambia mengi. Mchana nikamtafuta mwakilishi wa chama cha wafanyakazi nikamwambia Baba Wairimu akate rufaa, nami nitakuja kuongea.

Siku ya rufaa tulikaa ofisi ya mikutano: Meneja, mwakilishi wa chama, supavaiza wa zamu ya mchana, na Baba Wairimu mwenyewe kwa shati la kanisani. Meneja alisoma zile kumbukumbu za mfumo. Jibu la siri lilikuwa sahihi, akasema, na huo ndio ushahidi.

Nikainua mkono nikamwambia Meneja: "Naomba ruhusa yako nifungue akaunti yako. Hapa, mbele ya watu."

"Yangu? Hutaweza. Nenosiri langu hata mke wangu halijui."

"Sihitaji nenosiri. Unaniruhusu?"

Akanisukumia kompyuta huku akitabasamu. Nikaandika namba yake ya kazi, ambayo imechapishwa kwa beji aliyovaa shingoni. Nikabonyeza palipoandikwa umesahau. Swali likatokea. Nikamgeukia supavaiza.

"Huyu bosi wetu, nyinyi mnamwita nani?"

"Baba Nyokabi," akasema, bila kufikiria.

Nikaandika Nyokabi. Ukurasa ukafunguka kuomba nenosiri jipya. Niligeuza kompyuta ili kila mtu aone. Meneja aliangalia skrini, tabasamu likaisha usoni.

"Niliyejenga ni mimi," nikasema. "Mfumo haukudanganya. Uliuliza swali la kijinga, na aliyelitunga ni mimi. Tena nilikosea mara ya pili: nilimruhusu mtu abadilishe namba ya simu bila kuiuliza ile namba ya zamani kwanza. Ndiyo maana ujumbe wa zamu haukumfikia huyu mzee. Namba mpya bado iko kwa profaili yake. Ipigeni."

Mwakilishi wa chama akaipiga. Aliyeitika alikuwa yule mwenzake wa mashine.

Baba Wairimu alirudi kazini Alhamisi, zamu ya mchana. Kiwanda hakikunyamaza: kantini walinicheka wiki nzima, wengine wakiniuliza ati kama nimesahau jina la mama yangu. Nilistahili. Kwa siku nilizobakisha nililitoa swali la siri kabisa. Mtu akisahau nenosiri anakuja dirishani na kitambulisho, karani anamwangalia uso, halafu ndipo anabonyeza. Vijana wa kompyuta walisema nimerudisha mambo ya kizamani. Meneja akarudishiwa nusu ya foleni yake, na hakuwahi kunilaumu kwa hiyo, ingawa ile sherehe ilikuwa fupi.

Sasa niko Ngoingwa, nina sukuma wiki na mjukuu wa jina langu anayeletwa kila Jumamosi. Mkiniuliza nimejifunza nini, sina hekima ya kutundika ukutani. Someni masomo ya ng'ambo, ni mazuri, mimi yalinilisha. Lakini kabla hujaweka swali kwa mfumo, nenda ukasimame getini asubuhi usikilize watu wanavyoitana. Na siku utakapokosea, usisubiri mtoto azaliwe ndipo ujue.

Siku yangu ya mwisho nilifunga akaunti yangu mwenyewe, kama utaratibu unavyotaka, nikarudisha beji. Baba Wairimu alikuwa ananingojea getini. Nilikuwa nimekiri kosa mbele ya kikao cha rufaa, lakini kwake yeye peke yake sikuwa nimesema chochote.

"Ile siku nilikuja kwako," akasema, "nilikwambia si mimi. Mama Kamau, hukuniangalia hata."

"Ni kweli. Nisamehe. Nilikuwa naangalia kompyuta."

"Nilishasamehe. Lakini sasa unaenda. Si uniangalie basi."

Nikainua macho. Ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto, limekata nyusi vipande viwili, la zamani sana. Tulikuwa tumepita geti moja na huyo mtu kwa miaka tisa, na ile ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliona.