Mpunga Nilioubeba Mgongoni Kama Mtoto

Nilifunga safari kwa sababu maji ya Elnino yalibeba jiko langu. Juu ya jiko hilo, moshini, ndiko nilikotundika kibuyu cha mbegu ya mpunga wa mama yangu. Mpunga ule ni mrefu: mto ukipanda, nao unapanda. Tulipewa mpunga wa msaada, mfupi kama mkia wa mbuzi. Maji yalikuja mara moja tu, ukabaki chini huko ukisalimiana na kambale. Wa mama ulikuwa umebaki kwa mtu mmoja, wifi yangu Mariamu wa Kilelengwani, ambaye nilimpa mbegu alipoolewa. Na Mariamu ni mtu wa maneno.

Alfajiri niliondoka Golbanti kwa mtumbwi unaovuja. Nilikalia sufuria nisilowe. Kiboko alitokeza kichwa, akanipigia miayo. Nami nikampigia. Sijalelewa kushindwa.

Kilelengwani nilimkuta Mariamu akipalilia.

"Umekuja kunisalimu, wifi, au una shida?"

"Kukusalimu."

"Basi umeshasalimu. Safari njema."

Ikabidi niseme. "Nataka mpunga wangu."

"Wako? Ulinipa kiganja kimoja! Mimi nimeulea mpaka umempita mume wangu kwa urefu."

Mumewe, mtu mfupi kweli, alisonya akaenda zake.

Hata hivyo Mariamu alinishushia kibuyu kutoka moshini, kizibo kimezibwa kwa majivu wadudu wasiingie. "Usikiweke chini kikalowa," alisema. "Huo mgongo mpana Mungu hakukupa bure." Akanifunga nacho kwa leso, kama mtoto.

Kurudi, mtumbwi haupandi mto kwa matusi yangu peke yake. Nilipata lori mpaka Garsen. Sokoni, Habiba, mama wa Kiorma anayeuza maziwa, alinitazama sana.

"Mama, mtoto yako mbona halii?"

"Ameshiba."

"Na uzee hii, wewe nazaa?"

"Mungu hashindwi."

Watu wakajaa. Habiba akavuta leso, kibuyu kikachungulia kimejaa masizi.

"Eee! Baba yake nani?"

"Moshi."

Soko zima likacheka. Habiba alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanijazia kikombe. "Shika. Mtoto iko na njaa." Nikakinywa chote mimi. Mtoto hunyonya kwa mamake.

Nyumbani nilipanda siku ile ile nilipopumzisha miguu. Mto ukajaa, mpunga ukanyanyua shingo. Nilijisifu mpaka majirani wakanikimbia.

Kisha kiangazi kikaja kabla sijavuna, na ng'ombe wakashuka kwenye malka, njia yao ya kwenda kunywa mtoni. Fahali mmoja akaacha njia, akaelekea shambani kwangu. Hapo ndipo mbegu ya mama ingeniishia mara ya pili. Nilitoka na mwiko, ugali bado umeng'ang'ania. Nyuma ya kundi nikamwona nani? Habiba.

"Habiba! Ng'ombe wako anamla mtoto wako!"

Akasimama. "Ile ya maziwa?"

"Huyo huyo!"

Habiba akavua kiatu, akamfikia fahali, akampiga nacho puani. "Rudi, shetani wewe! Hiyo ndugu yako! Mmenyonya maziwa moja!"

Fahali akarudi njiani, amenuna.

Mbegu nailinda kwa moshi na majivu, kama mama alivyonifunza. Lakini shamba, nimejua sasa, hulindwa na jirani aliyekunywesha maziwa. Mariamu nimemtumia salamu: mtoto amepata ndugu, tena wenye pembe.