Nguo za Kuwindia na Radhi ya Mama

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka, masikio hunipata moto hata nikiwa peke yangu ndani ya gari. Sijawa mzee wa kuegemea mkongojo, na huenda ukasema baba anajitia uzee kabla ya wakati wake. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami jana nimeuona ung'ongo: nimekusikia ukimjibu mama yako kwa sauti ninayoijua, kwa kuwa iliwahi kutoka kinywani mwangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Tulikuwa tunakaa Gulfton, hapa Houston, ghorofa ya juu, madirisha yanatazama maegesho ya magari. Babu yako alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, wiki huku wiki kule. Bibi yako alifanya kazi hospitalini, msaidizi wa wauguzi: kugeuza wagonjwa, kuwaogesha, kuwabadilishia mashuka. Dada yake mkubwa, Mama Mkubwa, alikaa jengo la pili, lakini ukimtafuta mchana ungemkuta jikoni kwetu, kwa sababu, alisema, jiko lake halina watu wa kusema nao.

Mwaka huo jina langu lilitoka kwenye kura ya vijana wa kuwinda kulungu ndani ya hifadhi ya umma. Hifadhi ilifungwa kwa wageni wengine siku hizo, vijana wakapewa nafasi, bunduki za kuazima na watu wazima wa kuwafundisha. Mama Mkubwa aliposikia habari ya kura aliniuliza, "Hii si kamari, we Salimu? Maana nyama ya kamari sili." Nikamwambia si kamari, hakuna aliyetoa kitu. Akasema basi, paja lake aletewe.

Sharti lilikuwa moja: kila kijana awe na mzazi wake ubavuni. Baba alikuwa njiani na lori. Mama akasema, "Nitakwenda mimi." Aliyasema akikunja nguo, wala hakuinua uso. Sikujiuliza maneno yale yalimgharimu nini.

Sasa nikueleze nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa kijana wa hofu. Nikipata alama tisini na nane, usiku nililala na zile mbili. Nyumbani hakukuwa na mtu wa kunifundisha kuwinda, nikajifundisha kwa vitabu vya maktaba, navyo vyote vilisisitiza jambo moja: kulungu huishi kwa pua yake. Akikunusa, umekwisha. Basi nikafanya harufu kuwa adui yangu. Nikafua nguo zangu kwa sabuni isiyonukia, nikazianika kwenye upepo, nikazitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na majani ya mwaloni niliyookota mwenyewe, nikaufunga mfuko kama amana. Nikakataza kitunguu saumu kisipikwe nyumbani. Mama Mkubwa akasema, "Tangu lini kulungu wa Marekani wakachagua mboga yetu?" Mama akampa ishara aninyamazie, na kitunguu saumu kikaachwa kweli.

Siku moja kabla ya kuondoka nikarudi kutoka shule. Nilipofika ngazini pua yangu ikapata harufu ya udi. Nikapanda mbio. Kufungua mlango, sebule imejaa moshi. Kengele ya moshi imevalishwa kofia ya kuogea isilie. Kikapu kimeinamishwa juu ya chetezo, na juu ya kikapu zimetandazwa, moja moja, kwa adabu kama nguo za bwana harusi, nguo zangu za kuwindia.

Mama alisimama kando akitabasamu. "Nimekufukizia, baba. Na kila moja nimeisomea."

Wewe umezaliwa huku, lakini unajua kwetu pwani nguo hufukizwa ili mtu atoke nyumbani na heshima yake na dua ya mamake. Nami nilijua. Sikuwa mgeni wa jambo lile. Nikasema, "Nani kakutuma?"

"Kunituma?"

"Kulungu atanusa maili nzima! Umeniharibia kila kitu! Ningeenda na baba haya yasingetokea."

Mwanangu, ningekomea hapo yangekuwa makosa ya kawaida. Sikukoma. Nikasema kwa Kiingereza kwamba yeye ni mjinga. Nililitumia lile neno ambalo hata aliyeshuka kwenye ndege jana analijua, stupid, na nikalisema mara mbili.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nilisikia neno lile likitua sakafuni. Mama alichukua chetezo, akakipeleka jikoni, akafungulia maji juu ya makaa. Yakalia tssss. Kisha akasema, "Haya," akaingia chumbani kwake, akafunga mlango taratibu. Laiti angeubamiza.

Mama Mkubwa alikuwa jikoni akifunga sambusa za safari. Alimaliza kufunga ile aliyokuwa nayo mkononi, akajifuta unga, ndipo akanitazama.

"Kaa."

"Mama Mkubwa, mimi sikutaka..."

"Nimekwambia kaa, sikukwambia sema." Nikakaa. "Mamako juzi kazini alimwogesha nani, wajua?"

"Mgonjwa."

"Maiti. Kijana kama wewe. Alikwenda na binamu yake kufanya mazoezi ya kuwinda, bunduki ikageuzwa vibaya. Wauguzi walimpigania, hakupona. Mamako ndiye aliyemsafisha kabla mamake hajaingia kumtazama. Ananiambia, dada, mikono yake ilikuwa bado na wino wa kalamu, kijana wa shule."

Nikauliza kwa nini hakuniambia.

"Alinikataza hata mimi. Alisema ukijua hutakwenda, nawe umengoja safari hii tangu joto lilipopoa. Kwa hiyo ametoka kwa maiti akaja kukunja nguo zako. Kesho atakaa kando ya bunduki ambayo hataki hata kuiona kwenye televisheni. Udi ule hakumfukizia kulungu, we Salimu. Alikuwa anakufukizia wewe urudi." Akanisukumia sinia la sambusa, kama vile hasira yake isingenizuia kula. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nenda kaombe radhi. Ukitoka kwenye mlango huu kwenda kushika bunduki bila radhi, mimi sitaki hilo paja."

Nikagonga mlango, nikaingia, nikamshika mama mkono nikaubusu. Nikasema niwie radhi. Mama akasema tena, "Haya." Akaniambia nguo nizitundike nje zipigwe na upepo, na kwamba tutaondoka baada ya sala ya alfajiri. Nikatoka nikijua kwamba nimejibiwa, lakini sijasamehewa. Vitu hivyo viwili havifanani, mwanangu, na mtoto huvitofautisha kabla hajafundishwa.

Kesho yake tulipofika hifadhini, kabla ya kuruhusiwa kuingia porini, kila kijana alipelekwa uwanjani kulenga shabaha. Msimamizi wetu alikuwa mzee wa Kimarekani mwenye sauti ya chini na macho makali. Mimi sheria zote nilizijua kwa ghibu. Mtihani wa usalama nilikuwa nimeupita bila kukosa hata swali. Alama zangu zilikuwa safi.

Nikapewa bunduki, haijatiwa risasi. Mama alisimama nyuma yangu, pembeni kidogo, ameshika mkoba wake. Na mimi, badala ya kuangalia mbele, nikataka kujua kama bado amenuna. Nikageuka kumtazama, na bunduki ikageuka pamoja nami.

Sikusikia mzee yule akija. Niliona tu mkono wake umeupiga mtutu ukaelekea mchangani, na sauti yake ile ya chini haikuwa chini tena: "Mtutu chini! Chini, kijana!" Mkoba wa mama ulikuwa umeanguka, na mikono yake miwili ilikuwa imefunika kifua, kama mtu aliyepakata mtoto mchanga.

Nikaiweka bunduki mezani. Nikasema, "Mama, turudi nyumbani."

"Kwa nini?"

"Nimekuelekezea bunduki."

"Nimeona. Mimi ndiye niliyekuwa mbele yake."

Nikalia, mwanangu. Mbele ya vijana wa watu na baba zao wenye kofia, nikalia mpaka makamasi. Sikuwa na hoja wala sheria ya kukumbuka. Niliwaza yule kijana mwenye wino mikononi, na binamu yake, ambaye huenda naye alikuwa amegeuka tu kutazama kitu.

Mama akasogea. Akanifuta uso kwa ncha ya mtandio wake. "Jana uliomba radhi kwa sababu dada alikutuma," akasema. "Leo hukutumwa na mtu. Hii naisikia. Nimekuwia radhi, ya jana na ya leo." Kisha akaikazia macho ile bunduki, uso wake umemkauka. "Sasa ichukue. Nionyeshe inavyoshikwa na mtu anayejua kwamba mamake yuko hapa."

Nikaichukua. Mzee yule akanirudisha mwanzo kama sijawahi kusoma herufi, nami nikafuata. Mama hakusogea alipokuwa.

Kulungu hatukumpata. Asubuhi iliyofuata walitoka nguruwe mwitu, kundi zima, na mama akaleta istighfari mfululizo kwa kunong'ona hadi wote wakaondoka. Mama Mkubwa alikula kuku.

Basi nasaha yangu ni hii, nami naisema waziwazi usije ukadai sikukwambia. Ukijiandaa kwa jambo, jiandae vizuri, sikukatazi. Mimi bado nafunga viatu vyangu mara mbili. Lakini kabla ya kukagua vifaa, mkague mtu atakayesimama nawe. Muulize anaogopa nini. Anayekukosea kwa mapenzi, mwulize sababu kabla hujamhukumu, maana huenda amebeba kitu amekuficha ili wewe ulale. Ulimi nao una mtutu: kila ugeukapo, tazama umemwelekea nani. Na ukikosa, usiombe msamaha ili mambo yaishe. Ngoja mpaka ulione kosa lenyewe, kisha omba. Radhi ni bora kuliko mali, na kuliko alama mia kwa mia.

Sasa inuka, mwanangu, mama yako yuko chumbani na mlango ameurudishia tu. Mwenyezi Mungu akulainishie ulimi, akutulizie mkono, akujaalie watu wa kukuogopea na moyo wa kuwatambua wakiwa bado hai. Na mimi, radhi yangu unayo kabla hujaiomba.