Radhi Nilizoomba Bila Safari

Mwani ukianikwa juani hutoa harufu ya chumvi iliyoanza kuvunda, na harufu hiyo ikinipata hata leo, narudi Chole nikiwa na miaka kumi na mitano. Mama alikuwa amefariki masika yale. Baba alikuwa dago, kwenye kambi ya wavuvi huko Ras Mkumbi, nami nikabaki na Bibi, ambaye alinipenda sana lakini alishachoka na dunia. Waliokuja kutupa pole waliniambia nisimlilie mama nisije nikamtesa kaburini. Basi nikaacha kulia, wakafurahi. Laiti wangejua! Nilikuwa mpweke mpaka sauti yangu mwenyewe ilinishtua, na taratibu nikaanza kuona afadhali nisiwepo.

Kwetu, mtu akitaka kusafiri, au Ramadhani ikikaribia, hupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Nami nikaanza kupita. Ramadhani ilikuwa mbali, na safari sikuwa nayo. "Shikamoo. Kama nimekukosea, niwie radhi." "Marahaba, mwanangu. Nimekuwia radhi, nawe niwie." Wakanisifu: mtoto kakua, mtoto ana adabu, mama yake alimlea. Bibi akatembea kifua mbele. Kila aliyenisamehe nilimwona kama ananifungulia mlango nitoke, na hakuna aliyeuliza naenda wapi. Hilo liliniuma kuliko ninavyoweza kusema.

Wa mwisho alikuwa Mama Zuhura, jirani yetu wa shamba la mwani, mwanamke mwenye mdomo, ambaye wanunuzi wa mwani walimwamkia kwa mbali. Nilimkuta pwani maji yametoka, kainama anafunga mwani kwenye kamba. Nikamwomba radhi, kisha nikampa kanga ya mama, nikamwambia aitunze. Akainuka, mikono ikichuruzika maji.

"Radhi sikupi," akasema. "Unasafiri wapi wewe?"

Nikainama nikaishika kamba yake, nikajifanya nafunga mwani.

"Mwanangu, unafikiria kujiua?"

Hakuna aliyewahi kulitaja neno lile mbele yangu. Nikaitikia kwa kichwa, kisha nikalia machozi yote niliyokatazwa. Hakuniambia ni dhambi, wala kwamba wenzangu wana makubwa zaidi. Alinishika mkono, akasema, "Nieleze," na bahari ikarudi ikatufika magotini naye bado anasikiliza, kamba zake zikielea ovyo. Nililala kwake. Asubuhi akampigia baba simu: "Rudi. Samaki hawaishi, mtoto unaye mmoja." Baba akarudi. Tukavuka mpaka Utende, tukaenda hospitali Kilindoni, ambako daktari alizungumza nami peke yangu, na nikarudi kwake mara nyingi. Sikupona mara moja, jamani. Kuna misimu niliyofunga mwani bila kusema neno, Mama Zuhura akiwa pembeni anapiga soga zake kama vile namjibu.

Siku hizi vijana wetu huombana radhi kwa simu, ujumbe mmoja kwa watu wote, na majibu huja haraka haraka, vidole gumba vitupu. Mimi huwapigia. "Unasafiri wapi?" nauliza. Wengi hucheka: "Shangazi nawe! Si Ramadhani hiyo?" Nami nacheka, lakini sikati simu mpaka niisikie sauti vizuri.

Mama Zuhura amezeeka, macho yamefifia. Kila Ramadhani ikikaribia naenda kumwomba radhi kama wengine wote, na mpaka leo hajanipa. Hunishika mkono vile vile, akaniambia, "Njoo mwakani."