Upanga Uliokataa Kutoka Alani

Niliondoka Chekalini kwenda Kakamega kwa sababu ya majivuno, sitaficha. Mimi ni mwalimu wa ufundi wa chuma, na likizo moja ya miaka ile ya tisini niliimaliza nikifua upanga mrefu wa wafalme wa kale wa Ulaya. Niliufua kutokana na springi ya lori, nikiiga picha ya kitabu cha historia. Mwalimu mwenzangu, Madam Ayuma, alikuwa ametunga tamthilia ya huzuni kwa mashindano ya walimu Kakamega, na mfalme ni mimi. Nilitaka mji mzima uone chuma changu kikimetameta.

Asubuhi tulipita Malava kwa Mzee Makokha, mtengenezaji wa ngoma niliyemwagiza ala ya kuutia upanga huo. Aliuviringishia upanga ngozi ya ndama, bado imelowa, akaivuta na kuishona kama ashonavyo ngoma zake.

"Mzee, si imekaza sana?"

"Mwalimu, ngozi yangu hailegeanga," akanijibu, kama nimemtukana.

Kakamega tulifikia kwa shemeji yake Ayuma, akatupa obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu. Upanga niliuanika uani, juani, ukiwa ndani ya ala yake, majirani wauone.

"Huu ni wa kuchinja nini?" shemeji akauliza.

"Ni wa mfalme wa Ulaya."

"Basi usiulete jikoni kwangu."

Kesho yake, ukumbini, Wafula wa hesabu, aliyeigiza adui yangu, alipiga magoti angoje kufa. Nikavuta upanga. Wapi! Ngozi ilikuwa imekauka ikaung'ang'ania. Nikavuta tena, jasho likanitoka. Wafula ni mtu wa huruma. Aliinuka akashika ala.

"Shikilia hapo, mfalme, nivute huku."

Tukavutana jukwaa zima. Watu walicheka mpaka majaji wakaweka kalamu chini. Nyuma ya pazia nikamsikia Ayuma: "Msamehe! Msamehe tu!"

Nikamsamehe. Tulipewa tuzo ya vichekesho, na Ayuma akaipokea kama mtu anayepewa pole. Mimi niliumia zaidi, maana hakuna aliyeuona upanga wangu.

Tukirudi, nilimwomba Mzee Makokha ailoweke ala, autoe. Akaigonga kwa kidole, akatega sikio, uso ukamng'aa.

"Niiharibu, na inalia hivi?"

Nilijifunza kwamba fundi wa ngoma atakutengenezea ngoma hata ukimwagiza nini. Nami ningeagizwa ngoma, ningefua upanga.