Kipande Kimoja Bado Hakijaitika

Admini, naomba ulifiche jina langu. Nina miaka thelathini na mbili, naishi Bunia, mtaa wa Mudzipela, na mama mkwe wangu. Mume wangu aliuawa kwenye njia ya Tchomia. Waliomzika waliniletea viatu vyake tu.

Alikuwa akitengeneza lugha ya kompyuta ya Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi. Kabla programu haijaanza, lazima iite vipande vyake vyote na kuviunganisha. Vipande hivyo alivipa majina yetu. Kinachoandika kwenye skrini alikiita Bibi, yaani mimi mke wake. "Weye ndiye unasema sana," alinitania. Kinachotunza kumbukumbu ni Mama. Cha mwisho, Miye, ni yeye mwenyewe.

Rafiki yake Justin, mwalimu, alikuwa akimgombeza: "Ndugu, kipande kikikosa, simamisha programu, sema kuna kosa. Yako inangoja tu kama bwana arusi mwenye bibi alikimbia!"

"Itangoja," mume wangu alimjibu. "Na kila moja itaitika kwa kinywa yake."

Mimi nilijua sababu. Zamani, walipokimbia kutoka Djugu, mama yake aliwaita watoto kwa majina barabarani, mvua ikinyesha. Alipomwita mdogo wao wa kike, mjomba akajibu, "Iko hapa," akidhani shangazi amembeba. Hakuwepo. Hawakumwona tena.

Kipande cha Miye kilikuwa kwenye kompyuta aliyobeba siku aliyouawa, nayo haikurudi. Hii ya nyumbani ukiiwasha inaandika: Bibi, niko. Mama, niko. Miye... halafu inangoja. Kila asubuhi mama mkwe anakaa mbele yake na kikombe cha chai. Matanga ameyakataa.

"Inamungoja," ananiambia. "Basi mwana wangu iko njiani."

Sasa Justin anataka kuandika Miye nyingine, wanafunzi waanze. "Madame, kazi yake isikufe naye," ananisihi. Ni kweli, mume wangu aliifanya kwa ajili ya wale watoto. Lakini mama atasoma "Miye, niko", atageuka kutazama mlango. Na kwa mara ya pili katika familia hii, mtu atakuwa amemwitikia asiyekuwepo.

Ndugu zangu mnaosoma, nimruhusu Justin? Nijibuni. Chai ya mama imepoa, na kompyuta bado inaita.