Cherehani ya Kubeba Kichwani

Jumanne asubuhi nililetewa habari kwamba fundi wangu wa nguo wa hapa mtaani kwetu Kamalondo amefariki, nami nikaendelea kunywa chai. Nasema hivi kwa aibu. Chai ilikwisha, nikaosha kikombe, nikatafuta shati la kwenda nalo kilioni, na lililokuja mkononi likawa lile alilonishonea yeye. Hata hapo sikulia. Moyo umekufa ganzi mpaka sasa ninapowaandikia.

Wasomaji wafanyabiashara wa safu yangu hii gazetini huniuliza jinsi ya kufanya uamuzi mzuri, kana kwamba mimi najua. Aliyejua ni huyu. Mwaka ule wa kwanza wa jimbo letu la Katanga kujitenga na nchi, Wazungu waliokuwa wakiondoka waliuza cherehani kubwa za miguu kwa bei ya kutupwa, na mafundi wa mtaa wetu wakazigombania. Yeye alikuwa nayo moja tayari, yenye meza ya mbao na miguu ya chuma. Akaibadilisha kwa kijicherehani cha mkono, cha kumla fundi mkono mmoja na nusu ya siku yake. Tulimcheka sana. Nikamwambia kazi yake inarudi nyuma wakati ya wenzake inakimbia.

"Yaya," akanijibu bila kukasirika, akiniita kaka mkubwa kama kawaida yake, "ile kubwa iko muzuri. Lakini siku bakinifukuza, nani atanibebea yo?"

Yeye asili yake ilikuwa Kasai, jimbo jirani ambalo watu wake sasa Katanga iliwaona wageni, mimi ni mtu wa hapa hapa. Siku ikafika. Watu wa Kasai walitolewa majumbani mwao, wakakimbilia kambi ya wakimbizi. Nilikuwa nyuma ya dirisha langu alipopita, cherehani kichwani, mkewe anamfuata na mtoto mgongoni. Mafundi wenzake wa kwao waliziacha zile kubwa palepale barazani. Kesho yake, nilikuja kuambiwa, alikuwa ameketi chini kambini akishona suruali za watu na mahema yaliyochanika, na nyumba yake ikala.

Kwa miaka mingi nimekisimulia kisa hicho kama somo la biashara: usiulize tu utapata nini mambo yakienda vizuri, uliza utabaki na nini yakigeuka. Juzi kilioni nikamsimulia hivyo hivyo mjane wake, nikidhani namfariji. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji, haukumbuke? Mbele ya kubadilisha ile mashini alikuya kwako. Akakuuliza: bakikuya kutufukuza, utasimama ku mulango yetu? Weye ulicheka, ukasema ile iko mambo ya politike. Akarudia ku nyumba, akaniambia: basi, tutakamata ile kidogo."

Sikumbuki. Nimejaribu tangu juzi, na sikumbuki. Dirisha nalikumbuka.

Sisi waandishi wa safu tunaipenda methali ya akufaaye kwa dhiki. Leo siwezi kuimalizia. Nitasema tu nililoliona: mwenye kupanga vizuri huanza kwa kuwapima watu walio karibu naye, ndipo aangalie mashine na bei. Mimi alinipima mapema, wala hakukosea. Mambo yalipotulia alirudi Kamalondo, mlango uleule, akanishonea nguo miaka yote hii, akinipokea kwa kicheko na kunipa kiti. Cherehani kubwa hakununua tena.